Juhudi ya Mwanafunzi wa Chuo Hutoka Wapi?

Nchi inapompeleka kijana katika chuo kikuu humkabidhi amana mbili. Ya kwanza ni fedha za wananchi. Ya pili ni miaka ya ujana wake mwenyewe, miaka ambayo angeweza kuitumia shambani, kiwandani au jeshini. Amana ya kwanza huhesabika, na kwa wengi ni mkopo utakaokatwa katika mshahara siku za mbele. Amana ya pili haina mkopeshaji wala marejesho. Ikipotea, imepotea.

Kwa sababu hiyo, suala la juhudi ya wanafunzi katika kazi zao za masomo si suala la wahadhiri peke yao. Linawahusu pia wanajeshi na askari polisi wa Rwanda, tena kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Wako walio wazazi, ambao kila muhula hutenga sehemu ya mshahara kwa ajili ya mtoto aliyeko Huye, Nyarugenge au Musanze. Wako walio wanafunzi wenyewe, ambao huvua sare jioni na kuingia darasani. Wako makadeti wa Chuo cha Kijeshi cha Gako, wilayani Bugesera, ambao wamekuwa wakisomea shahada kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Rwanda huku wakijifunza kazi ya uafisa. Na wako maafisa wa polisi wanaopelekwa kusoma katika Chuo cha Taifa cha Polisi huko Musanze.

Malalamiko yanayosikika juu ya wanafunzi yanafahamika. Husemwa kwamba vijana hawasomi mpaka wiki ya mtihani ifike. Kwamba kazi ya kikundi hufanywa na mmoja na wengine huandika majina yao tu. Kwamba wako wanaonakili kazi za wenzao, na wako hata wanaowalipa watu wengine wawaandikie tasnifu. Dawa zinazotajwa huwa ni mbili: adhabu kwa mvivu, na zawadi kwa mwenye bidii. Dawa hizo zina mahali pake. Lakini nchi ikizitegemea hizo peke yake itapata wahitimu wengi na wataalamu wachache. Yafaa kueleza kwa nini.

Kwanza ni lazima ieleweke mwanafunzi anadaiwa nini hasa. Katika utaratibu wa elimu ya juu wa Rwanda masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Somo lenye krediti 20 ni saa 200. Neno la kushika hapa ni kujifunza, si kufundishwa. Katika saa hizo 200 mhadhiri husimama mbele ya darasa kwa sehemu tu. Ikiwa amefundisha kwa saa 60, basi saa 140 zilizobaki ni za mwanafunzi mwenyewe: za kusoma vitabu, kufanya mazoezi, kuandika insha, kuingia maabara na kujadiliana na wenzake.

Chukua mfano wa koplo anayesoma jioni hapa Kigali. Akigawa saa 1,200 kwa majuma 40, atapata saa 30 kwa juma. Akihudhuria darasa saa tatu kila jioni, siku tano za juma, amefikisha saa 15. Saa 15 nyingine hazionekani katika ratiba yoyote. Hazina kengele, hazina daftari la mahudhurio, wala hakuna mkubwa wa kumwuliza alikuwa wapi. Na hapo ndipo elimu inapopatikana au inapopotea.

Askari wataliona jambo hili upesi, maana linafanana na kazi yao. Katika kila kikosi kuna ukaguzi na kuna zamu ya usiku. Siku ya ukaguzi hata mzembe hupiga pasi sare yake, kwa kuwa ofisa atapita. Lakini saa tisa za usiku, kwenye lango la ghala, mlinzi yuko peke yake. Akilala, huenda asijulikane. Jeshi linalotegemea ukaguzi tu litakuwa na viatu vinavyong'aa na maghala yanayoibwa. Mtihani ni ukaguzi. Kazi za masomo ni zamu. Swali basi si jinsi ya kuongeza ukaguzi, bali ni kitu gani humfanya mtu akae macho wakati hakuna amwonaye.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza swali hilo kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1971 Mmarekani Edward Deci alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa wanafunzi wa chuo. Aliwapa mchezo wa vipande vya kupanga ili kupata maumbo mbalimbali, mchezo ambao wanafunzi waliupenda wenyewe. Kundi moja likalipwa dola moja kwa kila umbo walilofanikiwa kulipanga. Kundi la pili halikulipwa. Baadaye malipo yakasimamishwa, na wanafunzi wakaachwa na muda wa kufanya watakalo. Wale waliokwisha kulipwa waliugusa mchezo kwa muda mfupi kuliko walivyokuwa wakifanya kabla ya kulipwa. Fedha ilikuwa imeigeuza furaha kuwa kibarua, na kibarua kilipokwisha kazi nayo ikaisha.

Jambo hili lisifahamike vibaya. Halina maana kwamba mshahara ni kitu kibaya, wala kwamba mwanafunzi bora asipewe tuzo. Deci mwenyewe aliona kwamba sifa za maneno, zinazomweleza mtu alichokifanya vizuri, hazikuleta madhara hayo. Akishirikiana na Richard Ryan katika miaka iliyofuata, walieleza kwamba ari inayodumu ndani ya mtu hulishwa na mambo matatu: kuona kwamba kazi ni yake na ameikubali; kuona kwamba anaiweza; na kuona kwamba yuko pamoja na watu wanaomjali. Likikosekana moja, juhudi hulegea. Yakikosekana yote matatu, hubaki woga tu.

Afrika Mashariki ililikuta swali hili mapema, na kwa kishindo. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Utumishi huo ulikuwa wa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mhitimu angelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza wanafunzi wapatao 400 warudi makwao. Siku hiyo hiyo akatangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Tukio hilo hukumbukwa kwa ile adhabu. Lakini lililo kubwa zaidi ni lile lililokuja baada yake. Serikali ya Tanzania ilitambua kwamba vijana wale hawakuzaliwa wabinafsi. Walikuwa wamefundishwa, tangu shule ya msingi, kwamba kusoma ni ngazi ya mtu mmoja kupanda na kuwaacha wenzake chini. Mwezi Machi 1967 ikatolewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyokusudia kuibadili shule yenyewe. Mwezi Novemba 1974 likafuata Azimio la Musoma, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu, ili mtu aingie darasani akijua nchi inahitaji nini. Kanuni hiyo ilikuwa na shida zake na baadaye ililegezwa, maana idadi ya wasichana na ya wanafunzi wa sayansi ilidhurika. Hata hivyo wazo lake lina ukweli ambao kila askari aliyerudi darasani anaujua: aliyekwisha kufanya kazi husoma kwa macho mengine. Sajini wa upelelezi anapofundishwa sheria ya ushahidi hasomi maneno matupu. Anayakumbuka majalada.

Sasa na tuyatazame yale mambo matatu kama yalivyo hapa Rwanda.

La kwanza ni mwanafunzi kuona manufaa ya kazi anayoifanya. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, iliyojulikana kwa jina la KIST, ilianzishwa mwaka 1997 katika majengo yaliyokuwa ya shule ya juu ya kijeshi ya jeshi la zamani. Mahali palipokuwa pakifundishwa maafisa pakaanza kufundishwa wahandisi. Nchi ilikuwa imepoteza wataalamu wake wengi katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na taasisi hiyo haikuwa na nafasi ya kungoja. Wahandisi na mafundi wake walilishughulikia tatizo moja lililokuwa likiwasumbua wakuu wa magereza: maelfu ya wafungwa, vyoo vilivyofurika, na kuni nyingi mno za kupikia. Walijenga chini ya ardhi matangi makubwa ya matofali, ambamo uchafu wa vyoo huoza bila hewa na kutoa gesi inayowaka. Gesi hiyo ikapelekwa jikoni. Mtambo wa kwanza wa magereza ulianza kazi Cyangugu mwaka 2001, na mwaka 2005 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Ashden ya nchini Uingereza. Kuni zilipungua, harufu ikapungua, na maji machafu yakaacha kuteremka ovyo kwenye mashamba ya majirani.

Mwanafunzi aliyesoma kemia ya gesi katika chuo cha namna hiyo hakuhitaji kuhubiriwa umuhimu wa somo. Aliweza kuuona moto chini ya sufuria. Wako wanafunzi wengi, hata hivyo, ambao hawajaonyeshwa moto wowote. Wengine wamepangiwa somo kufuatana na alama zao za mtihani wa taifa na nafasi zilizopo, si kufuatana na nia yao. Kijana aliyetaka uuguzi akajikuta katika uhasibu hawezi kuamriwa aupende uhasibu. Lakini mhadhiri anaweza kumpa kazi ya kukagua hesabu za ushirika halisi wa wakulima, badala ya hesabu za kampuni isiyokuwako. Kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba sasa kuna watu watakaoumia hesabu zikikosewa.

La pili ni mwanafunzi kuamini kwamba anaweza. Hapa Rwanda ina historia yake ya pekee. Chuo Kikuu cha Taifa kilipoanzishwa huko Butare mwaka 1963 kilikuwa na wanafunzi wapatao 50, na lugha yake ilikuwa Kifaransa. Kilifungwa mwaka 1994, kikafunguliwa tena mwezi Aprili 1995 baada ya kuwapoteza wengi wa walimu na wanafunzi wake. Darasani walikutana vijana waliosoma Rwanda, Burundi na Kongo kwa Kifaransa, na vijana waliorudi kutoka Uganda na Tanzania waliosoma kwa Kiingereza. Kwa miaka kadhaa lugha zote mbili zilitumika. Kisha mwezi Oktoba 2008 Serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2013 vyuo saba vya umma, pamoja na kile cha Butare na KIST, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, kinachofundisha kwa Kiingereza.

Faida za uamuzi huo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda iliingia mwaka 2007, zinafahamika. Lakini gharama yake kwa mwanafunzi mmoja mmoja lazima nayo ieleweke. Kijana anayefikiri kwa Kinyarwanda, aliyefundishwa na walimu waliosoma kwa Kifaransa, akaandika insha kwa Kiingereza, hubeba mizigo miwili: mzigo wa somo na mzigo wa lugha. Anapopata alama ndogo hajui ni mzigo upi uliomwangusha. Akihukumu kwamba hana akili, ataacha kujaribu. Nje ataonekana mvivu. Ndani ni mtu aliyekata tamaa.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake haijengwi hasa kwa maneno ya kutia moyo. Hujengwa kwa kufaulu jambo dogo, kisha jambo kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi. Mkufunzi yeyote wa shabaha amelijua hilo bila ya kusoma kitabu. Hamweki kuruta siku ya kwanza mbele ya shabaha ya mbali kabisa, kisha akamcheka. Humweka karibu, humsahihisha mkono na pumzi, na kila anapofaulu humrudisha nyuma hatua kadhaa. Mhadhiri anayetoa kazi moja kubwa mwishoni mwa muhula amemweka kuruta mita 300 kwa risasi moja. Anayetoa kazi ndogo sita, akazisahihisha mapema na kueleza kosa liko wapi, amemjengea mtu imani pamoja na elimu.

La tatu ni mwanafunzi kutokuwa peke yake. Kwa miaka mingi posho ya kujikimu ya mwanafunzi wa chuo cha umma ilikuwa faranga 25,000 kwa mwezi, kabla haijaongezwa, na bei ya chakula na ya chumba haikuingoja posho. Mwenye njaa hawezi kushindana na kitabu. Wanafunzi waligundua dawa yao wenyewe: kukodi chumba watu watatu au wanne, kupika pamoja, kusoma kwa zamu kitabu kimoja. Vikundi vya namna hiyo vimewafikisha wengi kwenye mahafali. Vina hatari moja, kwamba mmoja abebe mzigo wa wote. Kikundi kizuri hujulikana kwa alama moja: kila mtu anaweza kusimama na kuieleza kazi yote, si kipande chake tu. Kikosi cha doria kinachomtegemea mtu mmoja kusoma ramani kinapotea siku mtu huyo anapopigwa risasi.

Mbali na hayo matatu, kuna jambo la nne ambalo huwaonea wenye bidii. Ni juhudi inayokwenda njia isiyo sahihi. Wako wanafunzi wanaokesha wakisoma daftari lile lile mara tano, mara sita, na bado wakaanguka. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kujifunza. Kundi moja liliisoma tena na tena katika vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu likaifunika karatasi na kuandika kila lililoweza kukumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, na waliojipima walikumbuka asilimia 61. Tena wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na hakika zaidi kwamba wamejua.

Maana yake ni nyepesi. Kusoma tena hutuliza moyo; kujipima hujenga kumbukumbu. Askari hajifunzi kufungua na kufunga bunduki kwa kumtazama mwenzake mara kumi. Hufungua mwenyewe, hukosea, huanza tena, mpaka mikono ijue hata gizani. Kwa mwenye saa chache, kama askari wa zamu, ujuzi huu una thamani kubwa kuliko fimbo yoyote. Nusu saa ya kufunika daftari na kujiuliza maswali ndani ya basi kutoka Kanombe, au kabla ya kuingia zamu Kacyiru, huzaa zaidi ya saa mbili za kupitisha macho juu ya maandishi huku usingizi ukinyemelea.

Limebaki suala la udanganyifu, ambalo haliwezi kupitwa kimya mbele ya watu walioapa kulinda sheria. Kununua kazi ya masomo ni kughushi, hata kama karatasi haikupigwa mhuri wa bandia. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoanza kuenea programu za kompyuta zinazoandika insha nzima kwa sekunde chache, kughushi kumekuwa rahisi hata bila fedha. Programu hizo zinaweza kumfaa mwanafunzi anayezitumia kumweleza asilolielewa, au kumtolea maswali ya kujipima. Lakini anayeziachia zimwandikie kila kitu amemtuma mtu mwingine mazoezini ili yeye apate misuli.

Madhara yake hayaishii darasani. Polisi aliyepewa cheo kwa shahada ya kununua ataandika jalada ambalo wakili atalipasua mbele ya hakimu, na mhalifu atatoka kwa mlango wa mbele. Mhandisi wa jeshi aliyenakili hesabu za mihimili atapelekwa siku moja kujenga daraja katika nchi ambako Rwanda inalinda amani, na magari ya wenzake yatapita juu ya daraja hilo. Daktari aliyerukia somo la dawa atasimama siku moja kando ya kitanda cha majeruhi. Saa hiyo hakuna wa kunakili kutoka kwake. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha kazi za masomo, nacho huja baada ya miaka mingi, bila ya kutangazwa.

Ni nini basi cha kufanya? Kwa askari aliye mwanafunzi, la kwanza ni kuzitambua zile saa 15 zisizo na kengele na kuziandika katika ratiba yake kama anavyoandikiwa zamu. Saa isiyo na mahali pake huliwa na mambo mengine. La pili ni kuandika, mwanzoni mwa kila somo, jambo moja katika kazi yake ambalo somo hilo litambadilishia. Asipolipata, amwulize mhadhiri. La tatu ni kutafuta wenzake wawili au watatu wa kusahihishana, na kuikataa sahihi ya mtu asiyefanya kazi, hata akiwa rafiki, hata akiwa amemzidi cheo. Darasani cheo ni kujua.

Kwa wakuu wa vikosi na vituo, jambo la kukumbuka ni kwamba ruhusa ya kusoma inayotolewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono wa pili haisaidii. Askari anayebadilishiwa zamu kila juma bila taarifa hawezi kumaliza krediti 120 kwa mwaka, hata akiwa na ari ya namna gani. Kazi ya ulinzi hutangulia, hakuna anayebisha. Lakini mara nyingi kinachohitajika ni orodha ya zamu iliyopangwa mapema tu. Tena mkuu akimwuliza askari wake, "Umejifunza nini juma hili, na kinatufaa nini hapa?", amempa kitu kikubwa kuliko barua ya pongezi. Amemwonyesha kwamba masomo yake yanatazamiwa na wenzake.

Kwa mzazi aliyevaa sare, kuna tahadhari moja. Amezoea kuamuru na kutiiwa, na huenda akadhani kwamba juhudi ya mtoto wake nayo huamriwa. Simu inayouliza "Umepata ngapi?" humfundisha kijana kutafuta alama kwa njia yoyote. Simu inayouliza "Mnasoma nini sasa, na kipi kinakushinda?" humfundisha kwamba kushindwa kwa leo kunaweza kuelezwa na kusaidiwa. Mzazi asiyekwenda chuo asiogope swali hilo. Hahitaji kujua jibu. Kijana anapomweleza baba au mama jambo gumu kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili chepesi, kwa kufanya hivyo tu atagundua alilolielewa na alilolikariri.

Nao wahadhiri na wakuu wa vyuo wana sehemu yao. Wasahihishe mapema, watoe kazi zenye mnuso wa maisha ya nchi, na waweke ulinzi mkali dhidi ya kazi za kununua, maana mwenye bidii anayemwona mdanganyifu akipewa shahada iliyo sawa na yake hupoteza ari bila ya kuambiwa. Adhabu ya haki humlinda mtu huyo. Kazi yake ni hiyo, wala si kuzalisha juhudi mahali ambapo haikupandwa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini mtu huinama kwa moyo pale anapojua kwamba kitu kipo mvunguni, kwamba mkono wake unakifikia, na kwamba wa nyumbani wanakingojea. Wajibu wa nchi ni kumhakikishia kijana hayo matatu. Wajibu wa kijana, na wa askari aliyerudi darasani, ni kuinama mwenyewe. Kazi hiyo haina naibu.